Uzoefu wangu: spana za kuazima za Land Rover ya marehemu baba

Kwa wenye haraka: fundi wa Unguja anayetengeneza na kuazimisha vyombo vya gari za zamani nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya spana moja iliyonifungukia mkononi, na kisa chake kinakuja. Wenye nafasi, tukae.

Gari yangu ni Land Rover 109, ile ndefu, Series IIA. Marehemu baba aliinunua imeshatumika, akaipakiza magunia ya karafuu kutoka Ole, hapa Pemba, miaka na miaka mpaka ikachoka, naye akachoka. Alipofariki ilikaa bandani miaka kumi na moja, kuku wakitagia kiti cha dereva. Nilipoamua kuifufua kila mpita njia alinipa moyo kwa maneno yale yale: "Hii haili kutu Maalim, hii bati la ndege." Kweli, lakini nusu. Land Rover ilipotoka mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, basi bodi wakaifanya ya aluminiamu. Chasisi lakini ni chuma. Aluminiamu inapogusana na chuma, ukatia na hewa yetu hii ya chumvi, inayoliwa ni aluminiamu. Siku niliyong'oa madigadi ya mbele ulimwagika unga mweupe kama wa muhogo, na boliti mbili zilikuwa hazikushika kitu.

Bati na kutu nilivimudu. Kilichonikalisha kitako ni spana.

Gari za huku siku hizi ni za Kijapani tupu, na masanduku ya mafundi yamejaa spana za milimita: kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba. Fundi wa kwanza alileta kumi na tatu, haikuingia. Akaleta kumi na nne, ikaingia, ikazunguka, ikaondoka na kona za boliti. Wa pili alikuja na spana malaya na bomba la kuiongezea nguvu. Wa tatu hakujisumbua na spana, alishika tindo na nyundo. Nati ya habu (kitovu cha gurudumu) ya kushoto aliniachia imeliwa ubavu mmoja kama embe la popo.

Kosa si lao peke yao. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha nyuzi za boliti kwa viwanda vyote vya kwao, na namba iliyoandikwa kwenye spana zake si upana wa kichwa, ni unene wa boliti yenyewe. Kwa hivyo spana ya 1/4 W, yaani ya boliti ya Whitworth ya robo inchi, mdomo wake una milimita 13.3 hivi. Ndiyo maana kumi na tatu inagoma na kumi na nne inateleza. Tena kule Solihull zilikotengenezwa Land Rover, miaka ya 60 walikuwa katikati ya kuhama: huku wanatia nyuzi za UNF, kipimo cha pamoja na Wamarekani, kule giaboksi bado ina nyuzi za Kiingereza. Za Whitworth pembe yake ni digrii 55, za UNF ni 60. Ukikosea, boliti inaingia mizunguko miwili ukadhani umepata, kisha zinauana.

Habari za huyu fundi nilizipata barazani, kwenye kahawa, kwa mzee mmoja wa Wete mwenye Morris Minor. Akaniambia yuko mtu Ng'ambo, Unguja mjini, anatengeneza vyombo vya gari za zamani na kuviazimisha. Jina simtaji, mwenyewe kasema hataki. Wenye magari haya mnamjua, na msiomjua mtaelekezwa kama nilivyoelekezwa mimi.

Nilikwenda likizo ya skuli. Usitarajie duka. Ni uwani kwa nyumba, paa la mabati, mashine moja ya kukerezea chuma ambayo umeme ukikatika siku imekwisha, na ukuta mzima umetundikwa vyombo. Kila chombo nyuma yake pamechorwa umbo lake kwa rangi nyekundu, kwa hivyo kilichoazimwa unakiona kwa kivuli chake ukutani. Siku ile vivuli vilikuwa vingi kuliko vyombo.

Utaratibu wake ni huu. Unaweka rahani, unaandikwa daftarini, unachukua. Mimi spana ya habu niliwekea elfu arobaini, na kwa wiki nililipa elfu tano. Rahani unarudishiwa yote, ila kwa sharti moja ambalo nililicheka kwanza:

"Maalim, usinirejeshee chombo bila ya lawama."

Yaani unaporudisha lazima useme kilikusumbua wapi. Ukisema "kizuri tu, ahsante," anakwambia hujakitumia, na anakushikia rahani mpaka ukumbuke. Lawama inaandikwa daftarini pembeni ya jina lako, na chombo kikitengenezwa tena kinatengenezwa kwa lawama zile. Nililifungua daftari lile nikasoma kurasa nne nimesimama. Mtu wa Makunduchi kaandikisha kuwa pula ya kung'olea usukani ina miguu mifupi. Mwengine, sikuona wa wapi: "mpini unakata viganja."

Basi spana ya habu. Asiyejua: habu ya Land Rover imeshikwa na nati mbili kubwa za milimita 52, na katikati yao washa ya bati inayokunjwa ili zisilegee. Ncha ya ekseli imetokeza nje, kwa hivyo spana ya kawaida haifiki, inatakiwa spana ya boksi iliyo tupu ndani. Yeye anaitengeneza hivi: anachukua nati chakavu ya gari ile ile, anaizungushia pande sita za chuma bapa cha milimita 6, anazichomelea kona kwa kona, kisha anaunganisha kipande cha bomba na kutoboa tundu mbili za kupitisha nondo.

Ile niliyopewa mimi iliingia kwenye nati kwa nyundo. Ilifungua, sikatai. Nati ambayo watu watatu waliishindwa ilitoa mlio mmoja kama mlango wa zamani, ikalegea, na mtoto wangu aliyekuwa ameshika taa akapiga ukelele. Lakini baada ya hapo spana haikutoka. Nati imo ndani ya spana, spana imeng'ang'ania nati, na mimi na mwanangu tumekaa chini tunatazamana. Tuliitoa baada ya sala ya alasiri, kwa mafuta ya taa na kugonga kidogo kidogo pembeni.

Nikampelekea lawama yangu: inabana. Hakubisha. Akanambia chuma kikichomelewa kinavuta kinapopoa, pande sita zote zimejivuta kwa ndani. Juma lile lile alitengeneza nyengine mbele yangu. Safari hii kabla ya kuzungushia vyuma alilikata kopo la soda kwa mkasi, akatoa utepe, akauvika ile nati mzunguko mmoja. Akachomelea juu yake. Ilipopoa akagonga nati ikatoka, akaubandua utepe ulioungua, akanipa nijaribu. Ikaingia kwa mkono na kutoka kwa mkono. Unene wa kopo la soda, basi. Pembeni mwa jina langu daftarini sasa pameandikwa "kopo", na kila aliyeazima spana ile baada yangu ameazima na kopo langu.

Pamoja na spana anakupa geji ya saa (yenye uso kama wa saa, ya kupimia mchezo mdogo) kwenye kisanduku, na kishikio alichokibuni mwenyewe cha kuifunga kwenye boliti ya gurudumu. Kitabu cha gari kinataka habu icheze baina ya milimita 0.10 na 0.15. Mafundi wetu hukaza mpaka mwisho, wakarudisha robo, wakasema sawa. Yangu ya kulia, iliyokazwa na fundi anayeheshimiwa sana hapa Chake, nilipoipima ilikuwa haichezi hata kidogo. Beringi zimegeuka rangi ya buluu. Geji hii peke yake ina thamani ya nauli ya kwenda na kurudi.

Cha tatu nilichoazima ni kijiti cha klachi, na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Ukibadilisha sahani ya klachi lazima ikae katikati kamili, ama sivyo mtanyanyua giaboksi usiku kucha na haitoingia. Wengine hukisia kwa jicho. Yeye kampelekea vipimo mkereza miguu ya vitanda, jirani yake, akamkerezea kijiti cha mfenesi chenye ngazi: ncha nyembamba inaingia kwenye bushi ya kreki ya injini, sehemu nene inaijaza sahani. Unakichomeka, unakaza boliti za klachi, unakichomoa. Giaboksi yangu iliingia mara ya kwanza, tukiwa watu watatu na jeki. Lawama niliyoiandikisha: nilikichukua wakati wa masika na kilikuwa kimevimba, ikabidi nikipige msasa ndipo kiingie. Alijibu kuwa atakitia mafuta. Sijui kama mafuta yatatosha kwa masika ya Pemba, lakini gharama yake ni kazi ya mkereza ya nusu saa, kikivimba kingine kinakerezwa.

Sasa ile nyota niliyoizuia.

Spana za Whitworth hazitengenezi tangu mwanzo. Anachukua spana nzuri ya namba kumi na tatu, anaupanua mdomo kwa tupa ile sehemu ya tatu ya milimita, taratibu, mpaka inakaa kwenye boliti. Pale gerejini wanaiita "kumi na tatu na kitu". Kumi na tano nayo wanaipanua kidogo tu kwa 5/16, na kumi na nane inakaa kwenye 3/8 bila ya kuguswa. Akili safi. Niliazima seti. Ya kwanza ilifanya kazi ya giaboksi nzima. Ya pili, ya ukubwa ule ule, nilipoibana kwenye boliti ya mwisho ilifunguka mdomo kama kijiko cha bati, nikajigonga vifundo vya vidole kwenye chasisi. Kovu ninalo.

Nilipoitazama vizuri mdomo ulikuwa na kivuli cha buluu. Haikupigwa tupa ile, ilipigwa grenda, ikapata moto, na chuma kikipata moto hivyo ugumu wake unaondoka. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa na haraka. Fundi aliikata vipande viwili mbele ya yule kijana bila ya kusema neno, na wiki ile hakunitoza. Nimeridhika na alivyolichukua. Lakini chombo kilitundikwa ukutani bila ya kujaribiwa, na kama ningekuwa chini ya gari ningeumia zaidi ya vidole. Kwa hivyo ukipewa spana zake, igeuze kwenye mwanga utazame mdomo. Ukiona buluu, irudishe pale pale.

Kuhusu kusafirisha kuja Pemba: inawezekana, anafunga kwenye katoni na kumpa mtu wa boti, unapokea Mkoani. Mara moja katoni yangu ilifika imelowa maji ya bahari, na mwenye kubeba alinambia ndivyo alivyoipokea. Geji ilisalimika kwa sababu ya kisanduku chake, spana zilikuwa za rangi ya chungwa. Tangu hapo namwambia azipake grisi na kuzitia kwenye mfuko wa nailoni, na mimi nazirudisha vivyo hivyo.

Mtauliza kwa nini nisiagize Uingereza. Spana za 52 zinauzwa huko, nzuri, na seti za Whitworth za zamani zipo mpaka leo. Nilipiga hesabu: bei, usafiri, ushuru, na kungoja. Kwa mtu mwenye gereji, agiza. Mimi habu nne nazifungua mara moja kwa miaka kadhaa, chombo kingekaa bandani na kuku. Na spana ya kuagiza haina kopo la soda ndani yake.

Tatizo lililobaki ni foleni. Geji ya saa ni moja tu, na gari za zamani ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Habu zangu za mbele zimekwisha, za nyuma zinangoja, gari iko juu ya magogo. Kivuli cha kisanduku kile kiko wazi ukutani tangu mwezi wa Shaabani. Daftari nimelisoma, jina nimeliona, silisemi. Lakini wewe unayejijua, yakhe, rudisha geji. Na lawama yako njoo nayo.