Huduma za Manispaa ya Bjurholm: Masijala Inastahili Alama za Juu

Kati ya manispaa 290 za Sweden, Bjurholm ndiyo yenye watu wachache kuliko zote: wakazi wake ni takriban 2,400, waliotawanyika katika misitu ya mkoa wa Västerbotten, kaskazini mwa nchi, umbali wa kilomita zipatazo 60 kutoka mji wa Umeå. Swali la kama sehemu ndogo hivi inastahili kujitawala si geni, kwani mwaka 1974 iliunganishwa na jirani yake Vännäs, na mwaka 1983 ikarudishiwa mamlaka yake.

Huduma ninayoipa alama za juu kabisa ni ile ambayo wengi hawaifikirii, yaani kuomba nyaraka. Kwa mujibu wa sheria ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1766, mtu yeyote, awe raia au mgeni, anaweza kufika katika ofisi ya manispaa na kuomba kuona mkataba, muhtasari wa kikao au barua aliyoandikiwa kiongozi, na karani wa masijala haruhusiwi kumuuliza jina lake wala sababu ya kuutaka waraka huo, isipokuwa pale jibu linapohitajika ili kubaini kama ndani yake mna siri inayolindwa na sheria. Barua ya utambulisho haihitajiki, kuusoma waraka palepale ofisini ni bure, na ombi linapaswa kushughulikiwa bila kukawia. Aliyewahi kuambiwa kwamba faili lake halionekani, arudi wiki ijayo, ataelewa kwa nini naliweka jambo hili mbele ya shule na maktaba.

Vikao vya baraza la madiwani navyo ni vya wazi, na madiwani wengi ni watu wenye kazi zao nyingine. Uchaguzi hufanyika kila baada ya miaka minne, mwezi Septemba. Mgeni anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya na nchi za Nordiki (za kaskazini mwa Ulaya) hupata haki ya kupiga kura ya manispaa akishaandikishwa kuwa mkazi wa Sweden kwa miaka mitatu mfululizo, hata kama hajapata uraia; na penye wapiga kura wachache kiasi hiki, kura yake si ya kupuuzwa.

Upande wa gharama sina shangwe kubwa. Kodi ya mapato ya manispaa na ya mkoa, kwa wastani wa nchi nzima, ni kama asilimia 32, na bado manispaa ndogo za kaskazini hutegemea mfuko wa taifa wa kusawazisha mapato, hivyo uhuru wao una mipaka. Manispaa husimamia shule, matunzo ya wazee, maji na maktaba, lakini hospitali ziko chini ya mkoa, na hospitali kubwa iko Umeå. Kwa mzee asiye na gari anayehitaji daktari bingwa mara kwa mara, nisingempendekezea kuhamia Bjurholm.