Tiba ya michezo na mzazi akiwa ndani: uzoefu wangu hapa Goma

Kama mtoto wako amebadilika tangu vita ya mwezi wa kwanza 2025 na unatafuta mahali pa kumpeleka, uliza kwanza kama mzazi anaingia ndani. Kule tulianzia mtoto alikuwa anaingizwa peke yake, mi nabaki kwenye benchi, seansi ikiisha naambiwa tu "mama, inaendelea vizuri" tunapanda moto (pikipiki) tunarudi, na usiku bado anakojoa kitandani, mlango ukibamizwa kidogo tu anakimbilia chini ya meza.

Huku tuko sasa ni tofauti sana. Sikologi alinieleza kwamba hii njia ilianzishwa Marekani miaka ya 1960 na sikologi Bernard Guerney na mke wake Louise, kwamba mzazi mwenyewe njo afundishwe kucheza na mtoto kwa namna ya kumtibu, kisha Garry Landreth, mtaalamu wa tiba ya michezo, akaifupisha ikawa seansi 10, wazazi wanakutana kila wiki na nyumbani unacheza na mtoto nusu saa mara moja kwa wiki, telefone imezimwa.

Ndani ya ile nusu saa mtoto njo shefu. Huulizi maswali, hufundishi, unasema tu kile unaona. Binti yangu alichukua madoli yote akayafunika na kitenge, akaweka mbele yake chukudu ndogo ya mbao, mfano wa ile ya kubebea mizigo, kama mlango, nikasema "umewaficha wote, hakuna mtu anawaona", akanyamaza weee, halafu polepole "bado wanapiga huko nje". Tangu vita hakuwahi kuigusa ile habari kwa mdomo wake!! Na siku alitaka kunirushia udongo wa kufinyanga nilikuwa nimeshafundishwa, unataja hasira yake, unaweka mpaka, unamupa njia ingine: "Naona umekasirika, mama hatupiwi udongo, tupia ule mto." Akautandika mto kwelikweli.

Warekebishe kitu kimoja, makaratasi yote ni ya Kifaransa, na tate ya binti yangu ambaye anabaki naye mchana anasoma Kiswahili tu. Pia waweke kikundi cha siku ya posho (Jumamosi), mapapa wengi wanataka kuja ila saa za kazi zinawabana.

Kitanda kinaamka kikavu siku nyingi sasa, si zote, tunaendelea. Inafaa kwa watoto wa miaka 3 mpaka 10 hivi, mkubwa wangu wa miaka 13 walimpangia maongezi ya kawaida.