TAHADHARI: Krimu ya chunusi inayouzwa ghorofani Dubois, msiiguse!

Dada zangu, kuna mama anauza krimu ya chunusi kwenye vile vijiduka vya ghorofani barabara ya Dubois, Nairobi. Mkimwona piteni mbali. Naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nitulie.

Mnajua uso wangu ulivyokuwa tangu niache sindano ya kupanga uzazi. Siku hiyo niliingia kutafuta shampuu tu. Huyo mama akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye taa mbele ya wateja wote, akasema kwa sauti, "Woi, mrembo, hii ni damu chafu!" Watu wakageuka kunitazama. Niliona aibu hata macho sikuweza kuinua. Kisha akashusha sauti, akawa mpole kama shangazi. Akafungua kikopo cheupe chenye krimu ya manjano inayonukia waridi, akanipaka nyuma ya mkono kwa kidole kimoja, polepole, huku akisema hata manesi hununua kwake. Akanionyesha picha kwenye simu. Msichana aliyekuwa akifagia akadakia kwamba yeye pia aliipaka, na kweli ngozi yake ilikuwa nyororo. Shilingi 2,500. Nikalipa kwa M-Pesa.

Na msiniulize mbona nilimwamini. Duka limejaa bidhaa hadi darini, wateja hawaishi, leseni ya kaunti imebandikwa ukutani. Isitoshe, krimu ilifanya kazi! Chunusi zilinywea upesi, madoa yakafifia, mama mkwe akanisifu mbele ya watu kanisani. Nani angeacha hapo?

Baadaye jua likinipiga uso unawaka moto. Ngozi ikawa nyembamba mpaka mishipa ikaonekana mashavuni. Nikikosa kupaka usiku mmoja, vipele vinafumuka vya usaha, hadi kidevuni chini ambako sikuwahi kuwa navyo. Nikampigia. Akasema eti ni sumu inatoka, niongeze kikopo cha pili. SUMU INATOKA! Sumu si ile aliyoniuzia yeye?

Daktari wa ngozi aligeuza kikopo akitafuta orodha ya viambato. Hakuna. Akasema hizo ni dalili za steroidi kali, mfano klobetasoli, ambayo huzima uvimbe haraka halafu yenyewe inazaa chunusi. Krimu za namna hii nyingine hutiwa haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua ngozi) au zebaki, na zebaki hupenya ngozini ikaharibu figo. Vipodozi vyenye vitu hivi ni marufuku hapa Kenya, lakini yeye anauza mchana kweupe!

Wala hakuna cha damu chafu. Mafuta ya ngozi na seli zilizokufa huziba vinyweleo, bakteria wakazaliana humo, na homoni huchochea. Dawa zipo kwenye duka la dawa: benzoili peroksaidi, adapalini (mwenye mimba aulize daktari kwanza). Lakini matokeo huchukua wiki 6 hadi 12. Anayekuahidi siku 3 ni mwizi.

Kikopo chake hakikuwa na alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), tarehe ya kuharibika, wala jina la kiwanda. Lebo ilikuwa karatasi tu iliyobandikwa, na jina lililotokea kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamume nisiyemjua. Mkiona alama ya KEBS pia ihakikisheni, tumeni namba yake kwa 20023, maana alama nazo zinaghushiwa.

Kama tayari unapaka, beba kikopo chenyewe uende kwa daktari akuambie utaachaje. Usikitupe, ni ushahidi.

Huyu mama afungiwe duka na ashtakiwe. Asitozwe faini ndogo kisha kesho afungue mlango wa pili! KEBS na Bodi ya Famasia na Sumu wapande hizo ngazi wajionee, wasingoje mtoto wa mtu apoteze figo. Wasichana wa shule wananunua pale na pesa za matumizi, niliwaona kwa macho yangu.

Mimi ninacho kikopo, ujumbe wa M-Pesa na picha. Wewe uliyeuziwa pia, niandikie faraghani twende tukaandikishe malalamiko pamoja wiki hii.