CZ 550 Magnum ya .458 Winchester iliyogeuzwa kuwa .458 Lott

Kati ya bunduki za bolti (kipande cha chuma unachokivuta kwa mkono kutoa ganda na kuingiza risasi) ambazo watu hupenda kuzipandisha kipimo, yaani kuzifanya zipige risasi yenye nguvu zaidi, CZ 550 Magnum ya Kicheki ndiyo inayomsumbua fundi kidogo kuliko zote. Mwili wake, yaani chuma kinachobeba bolti, umeundwa kwa risasi ndefu (namba ni upana wa kichwa kwa inchi) za daraja la .375 H&H na .416 Rigby. Hata ile iliyotoka kiwandani ikiwa .458 Winchester Magnum, bolti yake inasafiri mbali kuliko risasi hiyo inavyohitaji. Kwenye Mauser ya kawaida ya kijeshi, kupata urefu huo ni kukata chuma mbele ya magazini, palepale panapobeba sikio la chini la bolti, linaloifunga bunduki inapopiga. Bunduki inapona, lakini imedhoofishwa mahali pabaya.

Kwa nini Lott? .458 Winchester ilitoka mwaka 1956 na ganda fupi la milimita 63.5. Baruti ilibidi ishindiliwe humo, na iliposhikamana kuwa bonge, kichwa, yaani kipande kinachoruka, cha greni 500 (karibu gramu 32) kilitoka polepole kuliko futi 2,040 kwa sekunde zilizotangazwa. Jack Lott, aliyekuwa amejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, alirefusha ganda hadi milimita 71 mwaka 1971. Kichwa kilekile sasa hutoka kwa futi 2,300, yaani kutoka takriban jouli 6,270 hadi karibu 7,960.

Kuongeza chemba, yaani tundu la mtutu linaloshika risasi, milimita 7.6 ndiyo sehemu fupi ya kazi. Risasi zote mbili hukaa kwa mkanda wa chini ya ganda, na kipenyo cha kichwa ni kilekile, hivyo mtutu haubadilishwi. Fundi mwenye leseni na kekee sahihi ya chemba anamaliza upesi. Asiye nayo asiguse.

Matatizo yanaanza kwenye ulaji. Risasi ya Lott ina urefu wa milimita 91.4 badala ya 84.8, na boksi la magazini pamoja na njia ya kupandia (mteremko unaoiongoza risasi kutoka magazini hadi chemba) lazima vikubali urefu huo. Unapoipokea bunduki, ijaze risasi bandia uisukume kwa kasi, kisha polepole, kisha bunduki ikiwa imelala ubavu. Jaribu vichwa laini na vile vigumu vyenye ncha bapa, kwa maana bapa ndivyo vinavyokwama kwenye ukingo wa njia. Vuta bolti mpaka mwisho kabisa. Aliyezoea risasi fupi huishia njiani, ganda tupu likabaki ndani na nyati hajaanguka.

Hata hivyo, kitako ndicho kitakachokugharimu. Teke la Lott kwenye bunduki ya kilo nne na nusu ni karibu mara mbili ya la .375, na mbao za CZ zinajulikana kupasuka nyuma ya mkia wa mwili, kwenye shingo. Chanzo chake ni chuma kugusa mbao pasipotakiwa: nguvu inatua kwenye mkia badala ya kwenye kizuizi cha teke, lile sikio la chini ya mwili linalopaswa kuibeba. Dai mwili ulazwe upya kwa gundi ya epoksi, na mkia uachiwe nafasi nyembamba nyuma. Kazi isiyo na hatua hii msiilipie.

Vilenga vya chuma vya kiwandani ni imara na vinaonekana vizuri alfajiri, ila vipimwe upya kwa mzigo mpya. Triga ya kusukuma mbele ili iwe nyepesi ni pambo la shabaha. Kwenye kichaka iacheni.

Chemba ya Lott inapiga pia .458 Winchester, jambo zuri kijiji cha karibu kikiwa hakina risasi nyingine. Ukizipiga nyingi, masizi hujikusanya mduara mbele ya chemba, na ganda refu litakalofuata linaingia kwa shida au kung'ang'ania kutoka. Sugua kwa brashi ya shaba kabla ya kurudi kwenye Lott.

Hakikisha kipimo kipya kimegongwa kwenye mtutu na kuingizwa kwenye leseni. Chini ya sheria ya silaha ya Tanzania ya 2015, karatasi isiyolingana na chuma ni kesi. Mwenye .375 nzuri hana haja ya yote haya, maana hicho ndicho kipimo cha chini kwa wanyama hatari nchini. Aliye na .458 Winchester ya CZ, aigeuze.