Albamu ya Kutunzia Tiketi za Safari: Ipi Ununue Kisumu au Nakuru

Kabla hujaingia dukani, zitoe tiketi zako zote kwenye pochi uzikague. Kipimo ni ukucha: kwaruza pembe ya tiketi upande wenye maandishi. Ikibaki alama nyeusi, hiyo ni karatasi inayochapishwa kwa joto, sawa na risiti za supamaketi. Haina wino kabisa. Ina dawa iliyopakwa juu ambayo hugeuka nyeusi ikipashwa moto, kisha maandishi hufifia kwa jua, kwa mafuta ya mikono, au yakigusana na plastiki isiyofaa. Tiketi za basi zinazotoka kwenye mashine za mkononi ni za namna hii, na pasi nyingi za kupandia ndege pia. Ukiisahau kwenye dashibodi ya gari hapa Kisumu, usishangae ukikuta karatasi tupu.

Kwa hiyo sipangi albamu hizi kwa uzuri wa kava. Muuzaji atakwambia, "Chukua hii, boss, kava ngumu, haichakai," na atakuwa amesema kweli, ila kava siyo inayokula tiketi. Zinazokula tiketi ni gundi, plastiki na karatasi ya ndani.

Nafasi ya kwanza naipa faili ya pete, ile ya A4 ya ofisini, pamoja na mifuko ya plastiki yenye matundu pembeni. Najua haivutii. Ukiiweka mezani wageni watadhani umeleta kazi ya uhasibu nyumbani. Lakini haihitaji tone la gundi, na hilo ndilo jambo kubwa. Kata karatasi ya manila itoshee mfukoni, ilaze tiketi juu yake, weka alama ya penseli kwenye pembe zake nne, halafu chana kwa wembe mpasuo mmoja wa mshazari kila pembe. Chomeka pembe za tiketi humo. Haitateleza kwenda chini ya mfuko, na siku ukitaka kusoma upande wa nyuma unaichomoa bila kuichana. Ukienda tena Kakamega baada ya miaka mitatu, unafungua pete na kuingiza ukurasa mpya mahali pake, jambo ambalo kitabu kilichoshonwa hakikubali.

Kuhusu mifuko yenyewe, chagua iliyoandikwa PP, au yenye pembetatu na namba 5 ndani yake. Iepuke ya PVC, namba 3. Ina kemikali za kuilainisha ambazo hutoka polepole, na hizo ndizo zinazofuta maandishi ya tiketi za joto na kufanya wino wa picha unate kwenye plastiki. Kama haina alama yoyote, inuse. Ikinuka kama slipasi mpya, mrudishie mwenyewe.

Wa pili ni kitabu cha michoro cha springi, chenye karatasi nene. Hiki ni cha mtu anayependa kupamba: kipande cha kitenge kutoka soko la Busia, sarafu ya Uganda, ramani uliyochora mwenyewe ya feri kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita. Springi ina faida ambayo wengi hawaioni mpaka kitabu kijae: inaacha nafasi ya kurasa kuvimba. Chagua karatasi ya gramu 150 au zaidi, na ukipata iliyoandikwa kwamba haina asidi, lipa hiyo tofauti ya bei. Karatasi ya bei ya chini hugeuka njano kwa sababu ya lignini, kitu cha asili kwenye mti ambacho hakikuondolewa kiwandani, na asidi yake huipaka njano tiketi inayolala juu yake. Shikiza vitu kwa vipembe vya karatasi ulivyokunja mwenyewe. Selotepu usiiguse, hukauka, hubanduka na kuacha doa la kahawia lisilotoka.

Wa tatu, albamu ya picha yenye mifuko midogo. Mifuko ya kawaida ni ya picha za sentimita 10 kwa 15, na pasi ya ndege ina urefu wa kama sentimita 20, kwa hiyo utalazimika kuikunja. Kwa mtu mmoja tu ningeipandisha juu zaidi: yule aliyerithi tiketi za reli za zamani, zile za kadi ngumu. Hizo ni kama milimita 57 kwa 31, zimechapwa kwa wino, na zinakaa vizuri kwenye mfuko mdogo. Mji huu wa Kisumu una haki ya kuzitunza. Reli ilifika hapa Desemba 1901, enzi ukiitwa Port Florence. Na treni ya abiria ya Nairobi iliporudi Desemba 2021, wengi walipanda ili tu kuwa na la kusimulia.

Kauntabuku ni ya nne. Ni rahisi, ipo kila duka, na mwanafunzi anaweza kuanza nayo. Mistari yake inaharibu sura na mgongo hupasuka ukibandika vitu vingi. Basi.

Ya mwisho, wala usinunue hata ikiwa nusu bei, ni albamu ya kurasa zenye gundi iliyofunikwa na plastiki unayoibandua. Gundi hiyo hugeuka njano na kushika tiketi moja kwa moja. Ukijaribu kuitoa unabaki na nusu mbili.

Kuna ushauri mmoja wa saiba wa kuukataa: "Tukulaminishie." Mashine hiyo hutumia joto, na tiketi ya joto ikipita humo hutoka nyeusi tititi. Badala yake omba fotokopi kwenye karatasi ya kawaida, kwa mashine ya tona (wino wa unga), maana wino wa maji huchuruzika unyevu ukiingia. Weka kopi na tiketi mfuko mmoja. Malipo ya eCitizen ya kuingia Ziwa Nakuru hayana tiketi ya kushika, kwa hiyo chapisha picha ya skrini kwa mashine hiyohiyo. Na unyoya wa flamingo uache ulipoanguka. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakukataza kuwa nao bila kibali.

Kwa kununua, jaribu maduka ya vitabu na vifaa vya ofisi ya Oginga Odinga Street, Kisumu, au ya Kenyatta Avenue, Nakuru. Januari kaa mbali, wazazi wamejaa na orodha za shule. Ukiishi karibu na ziwa, weka faili kabatini pamoja na vile vipakiti vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, juu ya rafu, mbali na ukuta wenye mchwa. Na kabla ya kulipa, fungua na ufunge pete mara mbili tatu palepale kaunta. Zikiacha mwanya, hata mdogo, omba nyingine.