TAHADHARI: Kuna kishoka anauza majalada ya mirathi nje ya mahakama, kanilamba laki tatu na nusu

Ndugu zangu, hasira haijanitoka, kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka. Sakata la shamba la machungwa la marehemu baba tumeliongea mpaka limechacha, kwa msiolijua ni hivi: baba mdogo ndiye msimamizi wa mirathi, na tangu nasoma sekondari hajatoa hesabu yoyote. Ninachotaka mjue ni kwamba kuna mwanaume anashinda kwenye kibanda cha kutoa kopi nje ya mahakama moja ya mwanzo hapa Dar, anawauzia watu nakala za majalada ya mirathi, na nakala zenyewe anazitengeneza yeye. Laki tatu na nusu! Ada ya mtoto wangu hiyo.

Nilikwenda pale bila namba ya shauri. Nilikuwa na cheti cha kifo cha 1998 na jina la msimamizi wa mirathi, ambaye ndiye baba mdogo mwenyewe. Nilitaka hati yake ya usimamizi na zile Fomu Namba 5 na Namba 6. Msimamizi akishateuliwa na mahakama ya mwanzo anapewa miezi minne apeleke orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5, na hesabu zinafuata kwa Namba 6. Baba mdogo anaapa kwamba aligawa kila kitu na mahakama ikafunga faili. Sawa, kama aligawa, jalada litaonyesha. Kama hakupeleka hata karatasi moja, jalada litaonyesha vilevile. Ndiyo maana nililitaka kwa udi na uvumba.

Na kabla hamjaanza: ndiyo, mtandaoni nilitafuta. TanzLII ni tovuti ya hukumu na maamuzi ya mahakama, huko huwezi kukuta jalada la mahakama ya mwanzo la miaka hiyo. Na kituo jumuishi cha Temeke, kile cha mahakama cha masuala ya familia mnachonitajia kila siku, kimeanza kupokea mirathi 2021, sisi ya kwetu ni ya enzi za rejista za mkono. Kila mtu aliniambia, "Nenda mahakamani karibu na anakoishi baba yako mdogo, ndiko atakuwa alifungulia." Nikaenda.

Foleni ya masijala, ofisi ya majalada, ilikuwa imefika mlangoni. Nikatoka nje kutoa kopi ya kitambulisho. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, suruali nyeusi, magotini ameweka mafaili ya kaki yamefungwa kamba nyekundu. Mlinzi wa getini akapita, akamwita "mheshimiwa". Mbele yangu alikuwepo mama mtu mzima anampa kijana mmoja elfu kumi amjazie fomu. Yule bwana akainuka, akamkaripia kijana mbele za watu, akaichukua ile hela na kuirudisha kwenye kiganja cha mama. "Mama yangu, hapa nje usimpe mtu hela, matapeli wamejaa. Ingia ndani, utasaidiwa bure."

Sasa niambieni, nani kati yenu angemshuku? Leo naamini yule kijana ni wake. Pengine hata yule mama ni wake.

Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Una shida gani?"

Akaiona kopi yangu, akasoma jina la ukoo, akatabasamu. "Ninyi si watu wa Muheza ninyi? Bibi yangu mzaa mama anatoka hukohuko." Mimi nikalainika. Akatoa daftari, akaanza kuuliza taratibu kabisa, kama daktari: jina la marehemu, alifariki lini, msimamizi nani, warithi wangapi, mali gani aliacha. Nikamwaga yote. Shamba la ekari sita, nyumba ya bati, ng'ombe wawili. Hata jina la mke wa pili nikamtajia, maskini ya Mungu. Akafunga daftari, akasema majalada ya miaka ile hayapo masijala, yako stoo, na nikienda dirishani nitaambiwa "njoo wiki ijayo" mpaka nizeeke. Kauli hiyo nilikuwa nimeshaambiwa kwingine na watumishi halali, kwa hiyo ilinikaa vizuri masikioni.

Alianza na elfu ishirini tu, ya kupekua rejista. Kesho yake akapiga simu: "Mwanangu, limeonekana!" Nililia. Akanitumia picha ya jalada bovubovu lenye jina la baba kwa wino mzito. Miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kunionyesha karatasi ya mahakama yenye jina la baba yangu. Akataka laki na nusu ya kijana wa stoo, nikatuma. Wakati wa kutuma jina lililotokea kwenye simu ni la mwanamke. Akasema ni mkewe, laini yake yeye ina mkopo, hela ikiingia wanakata. Nani asiyejua habari ya mikopo ya simu? Nikatuma. Mwisho laki moja na themanini, ya mhuri na sahihi ya hakimu.

Akanikabidhi bahasha palepale kibandani. Ngao ya taifa juu, mhuri wa duara wa bluu, sahihi, namba ya shauri, Fomu Namba 4 ya kumteua msimamizi, nyuma yake orodha ya mali. Nikamshukuru kwa mikono miwili.

Hapa ndipo aibu yenyewe ilipo. Sikwenda nayo popote kuhakiki, nilikwenda nayo moja kwa moja kwenye kikao cha ukoo kwa shangazi, nikaiweka mezani mbele ya wazee. Nikasema, "Haya, baba mdogo, karatasi zako hizi hapa." Akavaa miwani. Akasoma polepole. Kisha akacheka, na jinsi anavyocheka mnajua. "Wilaya ya Ubungo? Mwaka 1998 Ubungo ilikuwa wilaya? Si ilikuwa Kinondoni hiyo?" Akageuza ukurasa. "Na cherehani ya mama yenu iko wapi humu? Niliiandikisha kwa mkono wangu." Cherehani sikumtajia yule bwana. Kila kilichokuwa kwenye ile orodha kilitoka kinywani mwangu, hakikuongezeka hata kijiko. Shangazi akaomba tusome dua kikao kifungwe. Baba mdogo ambaye tangu nasoma sekondari hajatoa hesabu ya chungwa moja, siku hiyo akaondoka yeye ndiye mkweli na mimi ndiye mghushi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Nikarudi mahakamani, safari hii nikapanga foleni mpaka dirishani. Dada wa masijala aliitazama ile hati kidogo tu. "Hii imetolewa tarehe 9 Desemba? Sikukuu ya Uhuru hakimu alikuwa anafanya nini ofisini?" Halafu akaniuliza swali ambalo yule mshenzi na daftari lake zima hakuniuliza: marehemu alikuwa anaishi wapi alipofariki? Nikamwambia alishastaafu, alirudi Muheza. Akasema basi jalada haliwezi kuwa hapa, kwa sababu mirathi ya mahakama ya mwanzo hufunguliwa kule marehemu alikokuwa na makazi ya kudumu, haijalishi msimamizi anaishi wapi. Na ukishaijua mahakama, unamwandikia barua hakimu mfawidhi, yaani mkuu wa mahakama hiyo, kuomba kukagua jalada na kupewa nakala, unaambatanisha cheti cha kifo na kitambulisho, na kama kuna ada unapewa namba ya malipo ya serikali, ile inayoanza na 99. Hakuna laini ya mke wa mtu hapo.

Dalili nyingine? Hakuwahi kuvuka geti tukiwa wote. Haandiki chochote kwenye meseji, anapiga tu. Na majina anayapata kirahisi, maana matangazo ya mirathi yanabandikwa ubaoni, jina la marehemu na la mwombaji, anasoma kama mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo akikuita kwa jina la marehemu wako usidhani kaoteshwa.

Mtu huyu afungwe. Sisemi kwa hasira tu. Kanuni ya Adhabu inaiweka kumbukumbu ya mahakama iliyoghushiwa kapu moja na wosia na noti za benki, na kifungo chake kinaweza kufika maisha. Namtakia hayo maisha, yote. Na mlinzi anayemwita mheshimiwa aulizwe analipwa na nani. Na mwenye kibanda naye, maana ule mhuri haukuchongwa porini. Kama kuna mtumishi wa ndani anayegawana naye, TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, namba yao ni 113 na kupiga ni bure, mimi nimeshapiga.

Polisi nimeripoti, RB, ile namba ya taarifa ya polisi, ninayo, miamala yote nimeichapisha. Mpelelezi anasema walalamikaji wakiwa wengi kesi inakuwa nzito zaidi. Uliyewahi kumtumia hela huyu bwana mwenye daftari, iwe elfu ishirini au milioni, njoo inboksi na ujumbe wa muamala wako tulinganishe jina la huyo "mke". Usione haya, mimi nimeshaona kwa niaba ya wote. Barua ya Muheza nimeipeleka, nasubiri majibu.