Net-SNMP kwenye terminali: kukihoji kifaa chenyewe

Vifaa ninavyovitunza viko mbali nami: swichi zilizofungiwa makabatini, ruta chini ya minara, redio zinazonyeshewa na kupigwa jua. Programu za kuvichungulia zipo, zenye grafu za rangi na taa za kijani, nami ninazo. Ila taa ya kijani ikianza kubishana na watu wanaosema mtandao unasuasua, siiamini taa. Nafungua terminali na kukiuliza kifaa chenyewe kwa amri za Net-SNMP. Hizo amri ndizo ninazozipima hapa.

Kwa asiyezijua, Net-SNMP ni furushi la amri za bure lililotokana na kazi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ikaendelezwa Chuo Kikuu cha California, Davis, kisha likapata jina la sasa mwaka 2000. Zinazungumza SNMP, itifaki ya miaka ya 1980 ya kuvihoji vifaa vya mtandao hali zao, ambayo karibu kila swichi, ruta na printa ya ofisini inaielewa. Swali linakwenda kwa UDP, njia ya kutuma pakiti bila kufungua mazungumzo kwanza, kwenye poti 161, jibu linarudi njia hiyo hiyo. Upande wa pili kwa kawaida hakuna cha kusakinisha. Unaiwasha tu huduma.

Ya kwanza kuishika ni snmpstatus. Inakupa mistari miwili mitatu: kifaa ni cha aina gani, kimekaa hewani muda gani, pakiti zilizoingia na kutoka, na mwishoni idadi ya poti zilizolala, tena kwa alama ya mshangao. Usiogopeshwe na mshangao huo. Kwenye swichi ya poti 48, poti isiyochomekwa kitu nayo inahesabiwa imelala.

Utamu wenyewe uko kwenye snmptable na snmpget. Kulikuwa na swichi ng'ambo ya kiungo cha redio: ping inajibiwa vizuri, grafu ya matumizi iko chini kabisa, lakini watu wanakwama kila wanapotuma mafaili makubwa. Nikaivuta ifTable, jedwali la poti zote, kwa snmptable, nikaweka -Cw ili safu zisimwagike nje ya kioo. Poti zote zilikuwa na sifuri kwenye ifInErrors, hesabu ya pakiti zilizoingia zikiwa na makosa, isipokuwa moja, ile iliyoelekea kwenye ruta. Nikaichukua namba hiyo peke yake kwa snmpget, nikaifungia ndani ya amri ya watch ijirudie kila sekunde tano. Mtu akituma faili, namba inapanda mbele ya macho yangu, akiacha, inatulia. Swali la mwisho likawa dot3StatsDuplexStatus. Swichi ikajibu 3, yaani inatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Ruta, iliyo kwenye waya uleule, ikajibu 2: inasubiri zamu. Mmoja anasema muda wote, mwenzake akisikia mgongano anakatiza sentensi katikati, na vile vipande ndivyo swichi ilivyokuwa inavihesabu kuwa makosa. Dawa ilikuwa kuirekebisha mipangilio ya upande wa ruta, na hakuna aliyelazimika kusafiri. Grafu haikudanganya, haikuwa imeombwa kuhesabu makosa.

Sasa lawama, na ya kwanza ndiyo nzito. Amri isipopata jibu inasema jambo moja tu: muda umekwisha, kifaa hakijajibu. Ujumbe huo huo unaupata kifaa kikiwa kimezimika, ngome ya mtandao ikiwa inazuia poti 161, anwani yako ikiwa haimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, na hata ukikosea herufi moja ya neno la siri la toleo la 2c la SNMP. Kimya kingi kina mshindo, wanasema, lakini hiki hakikuambii mshindo unatoka wapi. Itifaki ndivyo ilivyo, kifaa kinamnyamazia asiyejua neno, sawa. Lakini programu ingeweza angalau kumtajia mgeni sababu zinazowezekana. Halafu kwa kawaida inasubiri sekunde moja na kurudia mara tano kabla ya kukata tamaa. Ukiwa na orodha ndefu ya vifaa ndani ya skripti, punguza muda wa kusubiri kwa -t na idadi ya kurudia kwa -r, la sivyo utazeeka hapo.

Kasi nayo inategemea unaita amri ipi. snmpwalk, ambayo kila mwongozo huanza nayo, inaomba thamani moja, inangoja, inaomba inayofuata. Kwenye kiungo chenye ucheleweshaji mkubwa ni kama kuhamisha pipa la maji kwa kijiko. Tumia snmpbulkwalk, inayoomba nyingi kwa mkupuo. Sioni sababu ya kuishika snmpwalk leo, labda kwa kifaa cha zamani kinachojua toleo la 1 tu.

Usitegemee pia Net-SNMP ikupe kasi ya mtandao. Inakupa kaunta ghafi: baiti zilizopita tangu kaunta ianze. Soma mara mbili, toa, zidisha kwa 8, gawanya kwa sekunde. Na uangalie unasoma kaunta ipi, kwa sababu ifInOctets, ya baiti zilizoingia, ni ya bita 32, na kiungo cha gigabiti 1 kilichojaa kinaizungusha mpaka mwanzo kwa takriban sekunde 34. Hesabu itakutoka hasi au ya uongo. Soma ifHCInOctets, ya bita 64, uwe na amani. Ugonjwa huo huo uko kwenye sysUpTime, muda ambao kifaa kimekaa hewani: inahesabu sehemu za mia za sekunde, kwa hiyo inarudi sifuri baada ya siku kama 497. Swichi inayodai imewaka juzi yawezekana haijazimwa kwa zaidi ya mwaka. Kabla hujamshutumu mtu kwamba amegusa umeme, ulizia snmpEngineTime. Hiyo inahesabu sekunde nzima nzima na inafika mbali zaidi.

Kusakinisha ni rahisi, ila watumiaji wa Debian na ndugu zake watashangaa: badala ya majina kama ifInErrors wanaona misururu ya 1.3.6.1. Mafaili ya majina hayaji na furushi kwa sababu za leseni. Sakinisha snmp-mibs-downloader, kisha uweke alama ya reli (#) mbele ya mstari wa mibs kwenye /etc/snmp/snmp.conf. Kero ndogo, lakini inamkuta kila mgeni.

Kuhusu usalama sina mzaha. Toleo la 2c linasafirisha neno lake la siri waziwazi, na vifaa vingi vya zamani vilitoka kiwandani neno hilo likiwa "public". Kwa kifaa kilicho mbali, kinachopitia mtandao usio wako, ni toleo la 3 lenye authPriv, yaani kuthibitisha anayeuliza na kuficha mazungumzo kwa usimbaji, au uache kabisa. Amri yake ni ndefu ya kuchosha, na ukiiandika nzima manenosiri yanabaki kwenye historia ya terminali. Yaweke kwenye ~/.snmp/snmp.conf, faili ulifunge kwa chmod 600 ili ulisome wewe tu. Tangu hapo unaandika jina la amri, anwani na unachotaka kujua, basi.

Kwa kukesha na vifaa usiku kucha na kukuamsha kimoja kikianguka, tafuta kitu kingine. Kwa kutafuta ugonjwa, naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa ule ujumbe wa muda kwisha.